Ncha ya Pili ya Futi

Jalada lilikuwa jepesi. Kurasa nne, picha sita, sahihi mbili, na mstari wa mwisho uliokwisha kuamua kila kitu: marehemu alikuwa peke yake, aliwasha umeme mwenyewe, akaingiza mkono kwenye sanduku la saketi bila kufunga kufuli, akarushwa na kugonga kisogo kwenye pampu. Uzembe. Mkuu wa kituo alitaka lifungwe kesho kabla ya saa sita. Alimpa Kobe kwa sababu Kobe alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na kazi ya kutia sahihi humfaa mtu wa aina hiyo.

Jina la Kobe alipewa na wenzake kituoni kwa ajili ya mwendo wake, na hakulikataa. Tangu mkewe afariki lilikuwa limezidi kumkaa, maana sasa naye alikuwa na nyumba ya kumtosha mtu mmoja. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Futi yake, ile ya kitambaa, ya manjano, yenye namba zilizoanza kufutika, ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti la Kobe. Kituoni walidhani ni kifaa cha upelelezi, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi alianzia kwa mjane.

Msiba ulikuwa umekwisha. Viti vya kuazima vilikwisha rudishwa kwa majirani, na sebule ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Kobe alitoa pole, akakaribishwa chai, akaipokea kwa mikono miwili. Mama wa nyumba alikuwa mtu wa maneno machache. Alileta mfuko wa nailoni wa vitu vya marehemu, akavipanga mezani: kitambaa cha mkononi, kalamu, funguo, miwani.

"Iangalie hiyo, afande," alisema.

Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umevunjika kwenye bawaba, na kipande cha waya mwembamba wa shaba kilikuwa kikining'inia. Mama alieleza kwamba ulivunjika mwaka jana, mumewe akaufunga kwa waya ule badala ya kununua mpya, kwa kuwa fundi haendi kwa fundi. Ila tangu siku hiyo miwani haikukunjwa tena. Usiku ililala juu ya kabati, wazi. Hata mjukuu wa miaka mitatu alijua kwamba miwani ya babu haikunjwi.

Kobe alifungua jalada kwenye picha ya nne. Marehemu amelala chali, na mfukoni mwa shati, upande wa kifua, miwani imekaa, imekunjwa vizuri.

"Niliwaambia wenzako. Wakaniambia, mama, pole, mwenye msiba huona mengi."

"Bila miwani alikuwa anaona?"

"Mkono wake mwenyewe alikuwa haoni."

Kobe aliifikiria skrubu ndogo ndani ya sanduku la saketi. Mtu asiyeona mkono wake hakuingia mle bila miwani. Akianguka nayo usoni, haiwezi kujikunja yenyewe ikaingia mfukoni. Basi aliuliza alichopaswa kuuliza: mama alitaka nini kutoka kwake?

"Sitaki mtu afungwe. Na hilo la uzembe, watu watalisema mpaka wachoke. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu." Aliirudisha miwani mfukoni bila kuikunja. "Alikuwa peke yake?"

 Kwa kutafuta pa kuyaweka macho yake Kobe aliangalia mapazia. Moja lilifika sakafuni, jingine lilikomea kiganja kimoja juu yake. Mama aliona anachokitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Mumewe aliyakata mwenyewe, alisema mama, kwa pima, akanyoosha mikono yake yote miwili pembeni kuonyesha. Miaka thelathini kazini na hakuwahi kumiliki futi. Futi hupotea, alikuwa akisema, mikono haipotei. Kule kazini palikuwa na kijana wa ghorofani aliyemcheka kwa hilo kila siku, naye akimwita mpwa wangu wa juu. Mpwa kasema hivi, mpwa kakosea vile.

"Nikamwambia, basi mlete Jumapili ale. Kila Jumapili namwambia. Hakuja hata siku moja."

Maabara ilikuwa jengo la ghorofa mbili nyuma ya uzio. Mlinzi wa getini, mtu mnene mwenye redio ndogo sikioni, alimteremsha Kobe chumba cha chini huku akihema. Alikuwa ndiye aliyemkuta marehemu, saa kumi jioni ya Jumapili. Kobe alimsimamisha mlangoni, akamuuliza ghafla kwa nini aliikunja miwani. Mlinzi alishangaa kwa namna ambayo watu hawawezi kuigiza. Hakugusa kitu, alisema. Aliona macho yale akakimbia, na hakurudi mpaka polisi walipofika. Kobe alimwamini, akasikitika kidogo, kwa sababu hilo lingekuwa jibu jepesi.

Chumba kilikuwa kisafi na baridi. Katikati palikuwa na chombo cha chuma chenye kidirisha cha kioo. Kando yake, kwenye kimo cha kifua, palikuwa na sanduku la saketi lenye kifuniko cha skrubu nne. Karibu na mlango palisimama chanzo cha umeme chenye swichi nyekundu. Juu ya swichi palikuwa na msumari, na kwenye msumari kufuli wazi. Mlinzi alieleza utaratibu ule kama mtu anayekariri sala: anayeingiza mkono sandukuni hufunga kwanza kufuli lake kwenye swichi, ufunguo anautia mfukoni. Kufuli likiwa msumarini, maana yake mikono yote iko nje.

Kutoka kwenye chanzo hadi kwenye sanduku ilipita kebo nene nyeusi. Ilikuwa inang'aa, wakati kila kitu kingine mle kilikuwa na vumbi la miaka.

"Hii mpya?"

"Ya Jumapili hiyo hiyo." Siku za mapumziko mlinzi ndiye hukaa na ufunguo wa stoo, na daftari lake alikuwa nalo. Saa nne asubuhi, mwandiko wa marehemu: kebo, pima mbili. Kobe aliuliza ni nani mwingine aliyekuwamo jengoni. Mwanahesabu wa ghorofani, alisema mlinzi, aliingia saa tatu. "Huyo Jumapili zake zote ni hapa. Hana kwingine."

Mwanahesabu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati limepigwa pasi mbele tu. Alisimama, akatoa shikamoo, kisha akatafuta pa kumkalisha mgeni akakosa. Mle ndani mlikuwa na kompyuta mbili, kiti kimoja na kikombe kimoja. Kobe aliketi juu ya boksi la karatasi. Kikombe kimoja alikijua. Kwake pia kilibaki kimoja.

Alipoulizwa kazi yake alieleza kwa hamu ya mtu asiyeulizwa mara kwa mara. Kule chini, ndani ya chombo, hewa hutolewa na gesi kidogo hutiwa. Kisha gesi hiyo hupigwa kwa umeme unaogeuka mamilioni ya mara kwa sekunde, wa aina ile ile inayorusha matangazo ya redio. Gesi huwaka zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Yeye kazi yake ni kuiiga ndani ya kompyuta, chembe kwa chembe, ili ijulikane itafanya nini kabla haijawashwa.

"Na lile sanduku?"

"Hapo ndipo nilipopotea miaka miwili, afande." Alikuwa akiihesabu gesi peke yake, akidhani umeme unafika chomboni kama ulivyotoka kwenye chanzo. Namba zake zikapishana na vipimo vya chini kwa karibu theluthi. Alichosahau ni saketi yote iliyo nje ya chombo. Gesi ikiwaka huuvuta umeme wa saketi. Saketi ikivutwa, inaigeuza gesi. Gesi ikigeuka, inaivuta tena. "Ukimhesabu mmoja peke yake unapata jibu safi kabisa, ila la kitu ambacho hakipo."

"Nani alikuonyesha kosa?"

Kijana alikigeuza kikombe chake. "Fundi. Aliniambia, umehesabu moto, waya umemwachia nani?"

Tangu hapo aliingiza kila kitu: koili, kapasita, kebo. Hasa kebo, kwa kuwa kebo ndefu hula sehemu ya umeme kabla haujafika. Na alijiwekea sheria moja ambayo aliitaja kwa fahari, na Kobe akaiandika kama ilivyotamkwa: "Siweki namba ya kusikia. Kila namba kwenye orodha yangu nimeipima kwa mkono wangu."

Kuhusu Jumapili jibu lake lilikuwa tayari. Hakuwa ameteremka tangu Ijumaa. Hakujua hata kama fundi yumo jengoni, mpaka mlinzi alipopiga kelele. Akatoa karatasi kabla hajaombwa: hesabu ya Jumapili ilianza saa saba na dakika ishirini na tano, ikamalizika saa tisa na dakika arobaini. Daktari alikuwa ameandika kwamba kifo kilitokea mnamo saa nane. Kijana alisema muda wote huo alikuwa kitini, anaitazama.

"Ni lazima itazamwe?"

"Hapana." Alifikiri kidogo. "Mimi huitazama tu."

Kobe aliomba na karatasi ya Ijumaa, akapewa bila wasiwasi. Akashukuru, akatoka.

Aliketi kwenye ngazi, katikati ya ghorofa na ghorofa, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akatandaza karatasi mbili magotini. La kwanza halikumpa shida. Sufuria huchemka hata mpishi akiwa sokoni, na kompyuta nayo haina haja ya mtu. Karatasi ile haikuthibitisha kwamba kijana alikuwa kitini. Kwa hiyo aliacha saa, akaanza kusoma namba, moja moja, kidole cha kushoto Ijumaa, kidole cha kulia Jumapili. Koili, sawa. Kapasita ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Alipita mistari kumi na minne bila haraka, jambo ambalo kituoni lingewafanya vijana wapige miayo. Wa kumi na tano ulikuwa wa kebo. Ijumaa, mita tatu kamili. Jumapili, mita tatu na sentimita hamsini na nane.

Akateremka tena chini, akatoa futi ya mkewe.

Aliishikiza ncha moja kwenye chanzo kwa kidole gumba, akaivuta kufuata kebo. Nyuma ya pampu kidole kikateleza, ncha ikaanguka. Akajaribu kuikanyaga kwa kiatu, ikachomoka. Alijaribu mara ya tatu akiwa amepiga magoti, mkono mmoja huku, mwingine kule, shavu limegusa ukuta, na hapo uchungu ukampanda ghafla. Miaka yote alikuwa yeye wa kushika ncha ile, mkewe akimwambia simama wima, usipumue. Alikaa sakafuni kwa muda. Kisha akamwita mlinzi aje amshikie.

Futi nzima, sentimita mia moja na hamsini, mara mbili. Mara ya tatu ikakomea kwenye hamsini na nane.

Mwanahesabu alikuwa palepale alipomwacha. Kobe hakuketi.

"Kebo ya chini ina urefu gani?"

"Mita tatu na hamsini na nane," kijana alijibu papo hapo, kwa mazoea ya kazi.

Kobe aliweka karatasi mbili mezani, kidole kwenye mstari wa kumi na tano. Kebo ilitoka stoo Jumapili saa nne, alimwambia, na wewe hujateremka tangu Ijumaa.

"Fundi alinidokeza Ijumaa kwamba angeibadilisha. Akanitajia na urefu."

"Fundi hakuwa na futi, mwanangu. Kitabu cha stoo kinasema pima mbili, na pima mbili zake zingekuwa za mikono yake. Hamsini na nane asingeijua hata yeye." Kobe alifungua daftari. "Na wewe huweki namba ya kusikia."

Kijana aliitazama kompyuta yake kana kwamba ingemsemea. Kobe alitoa futi ya manjano, akaiweka juu ya karatasi.

"Nimejaribu kuipima peke yangu nimeshindwa. Inapita nyuma ya pampu, haishikiki. Ilibidi mlinzi anisaidie. Sasa wewe Jumapili, ncha ya pili alikushikia nani?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwake tena. Alikiweka chini taratibu sana.

"Mjomba," alisema.

Yaliyofuata aliyasema akiangalia sakafu. Saa saba aliteremka na futi yake ya chuma, wakapima kebo pamoja, mjomba akimcheka kwamba anahangaika na sentimita. Akapanda, akaingiza namba, akaanzisha hesabu, akashuka tena. Waliwasha gesi, wakaandika vipimo. Mjomba hakuridhika na kiungo kimoja. Akazima, akafunga kufuli lake kwenye swichi, akafungua sanduku, akakaza nati, akatoka, akalirudisha kufuli msumarini. Yeye, mwanahesabu, alikuwa amesimama kwenye swichi. Lakini mjomba alikuwa ameikumbuka nati ya pili, akarudi na kuingiza mkono bila kusema kitu.

"Niliangalia kufuli, nikawasha," alisema kijana. "Yeye sikumwangalia."

Kobe alimuuliza kwa nini hakuita msaada. Kijana alieleza kwamba kule chini simu haishiki. Kupanda kupiga na kurudi ni dakika tatu, nne. Mjomba alikuwa anapumua. Hakusema neno, ila alikuwa ameushika mkono wa shati la kijana, na kijana akawaza, akiuachia tu nitapanda. Ilichukua kama robo saa. Alipouachia hapakuwa na sababu ya kupanda. Akarudi kitini kwake, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda, akazitazama namba hadi zilipokwisha. Siku mbili baadaye alisikia kwamba imeandikwa fundi alikuwa peke yake, akaona kila mtu amekubali, naye akaogopa kuwa wa kwanza kukataa.

"Zilikubaliana?" Kobe aliuliza. "Namba zako na vipimo vya chini?"

"Zilikubaliana. Mara ya kwanza katika miaka mitatu." Kijana alifuta pua kwa mkono wa shati. "Wa kumwambia hakuwapo."

Swali moja lilibaki, na Kobe hakuliuliza, kwa kuwa halikuwa lake. Alimweleza kijana kwamba atatoa maelezo yake kituoni, yote, na kwamba kuna la kujibu kwa ile swichi na kwa zile siku nne za uongo. Kituo kingesubiri saa moja. Kabla ya hapo kulikuwa na nyumba ya kupitia.

Kijana aliuliza kama ni lazima.

"Ni lazima," alisema Kobe. "Nimeulizwa kitu asubuhi, na jibu unalo wewe."

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipofika. Mama alifungua mlango akiwa na ufagio mkononi, akamtazama Kobe, kisha aliyesimama nyuma yake, na hakuhitaji kuambiwa.

"Wewe ndiye mpwa wa juu."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jumapili ngapi nimekuita?"

"Nyingi, mama."

Mama aliuegemeza ufagio ukutani. Kobe alitaka kusema kitu cha kuwatangulizia njia, lakini yeye alikuwa amekwisha inua mkono kumzuia.

"Miwani uliikunja wewe?"

"Ndiyo." Kijana aliinua macho. "Nilikuwa naye mpaka mwisho. Ilikuwa imemshuka usoni, nikaivua, nikaikunja, nikamtilia mfukoni. Nilidhani ataihitaji akiinuka."

 Machozi yalimtoka mama, naye hakuyafuta.

"Haikunjwi ile," alisema mwishowe, taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa nyumba. "Ina waya."

Akasogea mlangoni, akamwachia nafasi ya kupita.

Kobe alibaki nje. Aliketi kwenye kizingiti, akafungua jalada magotini na kutoa kalamu. Yalikuwapo mengi ya kusahihisha mle ndani, lakini alianza na maneno mawili, "peke yake", akayakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Alitia mkono mfukoni, akaigusa futi, akasubiri saa yake moja iishe. Ndani alisikia kiti kikivutwa, na baada ya kitambo, kiti kingine.